Goti linafunga, wiki haijaisha limefunguka: nimpake nini?

*"Assalamu alaikum daktari. Niko Lamu. Mwanangu wa kike ana miaka minne na kilo 13. Tangu azaliwe, ngozi yake hutoka malengelenge kwa kuguswa tu. Mombasa walituambia ni epidemolisisi bulosa, ile aina ya distrofiki inayorithiwa kwa wazazi wote wawili. Kinachonitesa ni kidonda cha goti. Kinafunga, wiki haijaisha kimefunguka tena. Nimetumia jivii (ile dawa ya zambarau), asali, krimu nyeupe ya silva wanayopakwa watu walioungua, na mafuta ya nazi yenye manjano. Bandeji nabadilisha kila siku, na kila siku imegandia. Analia mpaka nalia naye. Ndugu yangu aliye Ujerumani amesikia kuna jeli ya gome la mti, na nyingine ya matone inayotia jeni. Je, tuchange pesa tuzitafute? Na kwa sasa nimpake nini? Jirani ashamkataza mwanawe kucheza naye, anaogopa ataambukizwa."*

Waalaikumu salaam, dada yangu. Nitaanza na jirani, maana jibu lake ni fupi. Maradhi haya hayaambukizi. Hayapiti kwa kugusana, kwa kulala kitanda kimoja wala kwa kula sahani moja. Si ukoma, si jicho la mtu, na hayakutokana na chochote ulichokula au kukitazama ulipokuwa na mimba. Mtoto wa jirani na aje wacheze. La kumfundisha ni moja tu: asimvute mwenzake mkono.

Sasa goti. Ngozi ya binadamu ina tabaka mbili, ya juu na ya chini, na kati yake kuna nyuzi nyembamba mno zinazozishona pamoja. Nyuzi hizo zimetengenezwa kwa protini iitwayo kolajeni namba 7. Huenda umewahi kuona mfano wa mtepe, jahazi la kale la huku kwenu ambalo mbao zake hazikupigiliwa misumari bali zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi. Mbao za mwanao ni nzima. Kilichokosekana ni kamba. Jeni inayotoa maagizo ya kuisokota kamba hiyo, COL7A1, ina hitilafu katika nakala zake zote mbili, moja imetoka kwako na moja kwa babake. Nyinyi wazazi kila mmoja ana nakala nyingine iliyo sawa, ndiyo maana ngozi zenu hazina neno.

Kidonda kinapopona, seli za tabaka la juu hutambaa kutoka kingoni mpaka zikutane katikati. Jicho linaona kimefunga. Lakini kwa mwanao ngozi hiyo mpya imelala tu pale juu, haijashonwa, na haitashoneka vizuri hata ikikaa mwaka. Akipiga goti kupanda kitandani, akijiburura sakafuni, au bandeji iliyogandia ikibanduliwa, tabaka lote huteleza na kutoka. Kwa hiyo goti lake halifunguki kwa sababu dawa ni dhaifu. Linafunguka kwa sababu kila siku kuna kitu kinaling'oa, na kwa ulivyoeleza, kinachong'oa zaidi ni bandeji yenyewe. Hapo ndipo pa kuanzia, kabla ya kununua kitu chochote kipya.

Wewe hukufanya kosa la uzembe. Umetumia vile vitu ambavyo kila mtu angekuambia utumie. Hata hivyo viangalie upya, kimoja kimoja.

Jivii iache. Inakausha kidonda, na kidonda kikavu ndicho kinachogandiana na shashi. Inachoma. Rangi yake inaficha wekundu ambao wewe na daktari mnapaswa kuuona mapema. Tena utafiti wa wanyama umeihusisha dawa hiyo na saratani, na watoto wenye aina hii ya ngozi tayari wana hatari kubwa ya saratani ya ngozi wakishakua. Hakuna haja ya kuiongeza.

Krimu ya silva ina kazi yake, lakini ni kazi fupi, ya eneo dogo, na kwa amri ya daktari. Ikipakwa miezi na miezi kwenye ngozi iliyo wazi, silva huingia mwilini na kujikusanya. Pia huacha utando mweupe unaofanana na usaha, mtu akausugua autoe, na katika kusugua ngozi changa ikaondoka nao. Yenyewe pia inaweza kuchelewesha ngozi kuota.

Asali ni habari ndefu kidogo. Asali ya hospitali, iliyotakaswa kwa mionzi ya gama, inasaidia kweli baadhi ya vidonda. Ile ya chupa ya sokoni haijatakaswa, inaweza kuwa na mbegu za vijidudu, na kwa joto la Lamu inayeyuka na kutiririka nje ya bandeji kabla ya adhuhuri. Watoto wengine huchomwa nayo vibaya kidondoni kwa sababu ya uchachu wake. Mafuta ya nazi hayana ubaya kwenye ngozi nzima inayowasha. Manjano yasiingie kidondoni: ni unga usio safi, chembe zake hukwama, na rangi yake huficha dalili kama ile ya jivii. Nyongeza ambayo hukuiuliza: usimwagie unga wa kapsuli za antibayotiki, na usipake zile krimu za mchanganyiko zenye steroidi zinazouzwa dukani kwa kila upele. Spiriti na haidrojeni peroksaidi pia ziwe mbali, zinaua seli changa zilezile unazozisubiri.

Basi apakwe nini? Kwa kidonda kisicho na maambukizi, vaselini ya kawaida isiyo na manukato, na juu yake kitambaa kisichogandia. Najua linasikika kama jibu dogo kwa tatizo kubwa. Lakini namna vinavyowekwa na namna vinavyotolewa ndiyo inayoamua mambo, kwa hiyo hapa nitakwenda polepole.

Mpe parasetamo dakika 30 hadi 45 kabla ya kuanza. Kipimo ni miligramu 15 kwa kila kilo. Kwa kilo 13 ni miligramu 195, yaani mililita 8 za dawa ya maji yenye miligramu 120 kwa mililita 5. Isizidi mara nne kwa siku. Wakati dawa inapanda, nawa mikono, kata vitambaa vyote kwa umbo linalotakiwa na uvipange kwenye sinia safi. Kidonda kikikaa wazi huku unatafuta mkasi, hewa peke yake inatosha kumliza.

Maji yawe yaliyochemshwa yakapoa mpaka vuguvugu. Tia chumvi gramu 9 kwa kila lita. Kwa beseni la lita 10 ni gramu 90, karibu vijiko vitano vya mezani vilivyosawazishwa. Maji ya kiwango hicho yana chumvi inayokaribiana na ya mwili, ndiyo maana hayachomi kama maji matupu. Tumia maji ya kunywa yasiyo na chumvi kwa hesabu hii. Ya kisima chenye magadi au chumvi usiyatumie, kwa sababu hujui tayari yana kiasi gani. Akae na bandeji yake humo dakika 15 au 20. Usivute. Ikiwa kona moja bado imeshika, mimina maji hapo, subiri, ujaribu tena kwa kuikunja bandeji irudi nyuma sambamba na ngozi, usiinyanyue kwenda juu. Ukiona shashi imekataa kabisa, kata iliyolegea, paka vaselini nyingi juu ya iliyoshika, funga, uiache mpaka kesho. Kipande kilichobaki siku moja zaidi kina madhara madogo kuliko ngozi iliyotoka nacho. Na usimfungue mwili mzima kwa pamoja. Maliza mguu mmoja, uufunge, ndipo uende mwingine.

Malengelenge mapya usiyaache yajae. Kwa mtoto mwingine tungesema yasiguswe, lakini kwake maji yaliyo ndani yanasukuma na kupanua mpasuko, na lengelenge la ukubwa wa harage asubuhi linaweza kuwa la ukubwa wa yai jioni. Chukua sindano mpya ya hospitali, ile yenye kichwa cha kijani au cha buluu. Ilaze sambamba na ngozi, ipite upande mmoja itokee wa pili, pale chini kabisa ambapo maji yatashuka yenyewe. Bonyeza taratibu kwa shashi laini. Ile ngozi ya juu usiikate wala kuichuna. Hiyo ndiyo bandeji bora kuliko zote.

Kisha kufunga. Kama unayo shashi ya mafuta ya parafini, usiitegemee peke yake. Katika joto letu hukauka ndani ya siku moja, na hapo ndipo inapogandia. Paka vaselini juu yake unene wa sarafu, ukichota kwa kijiko safi na si kwa vidole, halafu weka tabaka mbili za shashi hiyo juu ya kidonda. Juu yake shashi kavu nene, kisha bandeji laini ya kuzungusha, isibane. Plasta isiguse ngozi hata kidogo. Ikibidi plasta, iwe ya bandeji kwa bandeji. Ukifanya hivi, kidonda kisichotoa maji mengi kinaweza kukaa siku mbili bila kufunguliwa, na kila siku usiyokifungua ni siku ambayo hakuna kilichong'olewa.

Ukiweza kupata kitambaa cha silikoni chenye matundu, hicho ndicho cha kuwekea pesa. Hushika ngozi kavu kwa ulaini na hakishiki kidonda. Kinaweza kubaki mahali pake siku tatu au nne huku ukibadilisha shashi ya juu tu iliyolowa. Kwa kuwa ni ghali, kiweke kwenye goti peke yake, vidonda vingine viendelee na vaselini. Goti likishafunga, usishangilie kwa kuliacha wazi. Lifunike kwa sponji laini ya silikoni, au shashi nene na bandeji, wiki tatu angalau, na baadaye kila anapotoka kucheza. Ngazi na baraza za mawe zilizo kila kichochoro cha mji wenu hazina huruma kwa goti kama hilo. Suruali ya pamba iliyogeuzwa mishono nje, na kipande cha godoro la sponji kilichoshonewa ndani mahali pa goti, inafanya kazi nzuri kwa gharama ndogo.

Hukutaja vidole, lakini kwa aina yake lazima niviseme. Vidonda vya katikati ya vidole vikipona vikiwa vimegusana, vidole hushikana, na polepole mkono hufumba. Kila kidole kifungwe peke yake kwa utepe mwembamba wa shashi yenye vaselini, na kipande kingine kikalie shinani pa vidole, pale vinapogawanyika. Ukianza sasa, mkono unaweza kubaki wazi kwa miaka mingi zaidi.

Kuhusu vijidudu: kila kidonda cha muda mrefu kina vijidudu juu yake, na kuwepo kwao si maambukizi. Maambukizi ni pale maumivu yanapozidi ghafla, wekundu na joto vinasambaa kuzunguka kidonda, usaha unaongezeka, harufu inabadilika, au kidonda kilichokuwa kinapungua kinaanza kukua. Kwa usaha wa kijani wenye harufu kama ya tunda lililoiva mno, siki husaidia: mililita 50 za siki nyeupe ya asilimia 5 katika lita moja ya maji yaliyochemshwa, ulowanishe shashi na uiweke juu dakika 10, kisha usuuze. Kwa mtoto anayeambukizwa mara kwa mara, madaktari wengi hushauri kuoga maji yenye jiki kidogo mara mbili au tatu kwa wiki. Soma lebo kwanza. Ikiwa ni ya asilimia 3.5, isiyo na manukato, tia mililita 15, yaani vijiko vitatu vya chai, kwenye lita 10 za maji. Akae dakika 5 hadi 10, asuuzwe. Kubaliana na daktari kabla ya kuanza, na pima kwa kijiko, kamwe usikadirie kwa jicho. Siki na jiki zisikutane kwenye beseni moja wala kwa siku moja, kwani zikichanganyika hutoa gesi ya sumu. Krimu ya antibayotiki kama mupirosini ni ya sehemu ndogo na ya siku chache. Ukiipaka kila siku kama mafuta, vijidudu huizoea, na siku itakapohitajika haitafanya kitu.

Tuje kwa zile mbili alizozisikia ndugu yako. Zote ni za kweli.

Jeli ya gome inatokana na mti wa betula wa nchi za baridi, dondoo lake likiwa ndani ya mafuta ya alizeti. Jina lake la dukani ni Filsuvez. Ulaya iliidhinishwa 2022 na Marekani Desemba 2023, kwa umri wa kuanzia miezi sita. Hupakwa unene wa milimita moja kila bandeji inapobadilishwa. Katika jaribio lake kubwa lililokuwa na washiriki 223, vidonda vilivyolengwa vilifunga ndani ya siku 45 kwa asilimia 41.3 ya waliopakwa, dhidi ya asilimia 28.9 ya waliopakwa jeli isiyo na dawa. Nafuu ilionekana zaidi kwa wenye aina kama ya mwanao. Lakini tazama namba ya pili kwa makini: karibu watatu katika kila kumi walifunga kidonda kwa jeli tupu na bandeji isiyogandia. Na kufikia siku ya 90 tofauti kati ya makundi mawili ilikuwa imepungua sana. Inaharakisha, haishoni kamba.

Ya matone ndiyo inayoigusa kamba yenyewe. Inaitwa Vyjuvek, iliidhinishwa Marekani Mei 2023. Ni virusi vya malengelenge ya mdomoni vilivyobadilishwa visiweze kuzaliana, vikabebeshwa jeni ya COL7A1 iliyo nzima. Hudondoshwa juu ya kidonda mara moja kwa wiki, seli zikaipokea na kuanza kutengeneza kolajeni. Katika jaribio la watu 31, asilimia 67 ya vidonda vilivyodondoshewa vilikuwa vimefunga kabisa katika mwezi wa sita, dhidi ya asilimia 22 ya vile vilivyodondoshewa jeli tupu. Hayo ni matokeo makubwa kwa maradhi haya. Ila seli za ngozi hupukutika, na jeni hupukutika nazo, kwa hivyo dawa hurudiwa. Huwekwa kwenye baridi ya chini ya nyuzi 15 chini ya sifuri, na bei yake kwa mwaka ni mamia ya maelfu ya dola. Tena hutibu ngozi iliyodondoshewa tu, koo haifiki.

Je, mchange? Ya matone, msichange. Hakuna mchango wa familia utakaoibeba zaidi ya wiki chache, na kuisafirisha ikiwa imeganda mpaka Mokowe upande wa bara, kisha kwa boti, ni kazi ngumu mno. Yeyote atakayekuuzia "dawa ya jeni" kwa simu anakuibia. Jeli ya gome si kosa kuitamani, lakini isije kabla ya kitambaa cha silikoni, kwa sababu jeli hiyo ikipakwa chini ya bandeji inayogandia itang'olewa pamoja na ngozi. Michango ikipatikana, nunueni silikoni ya miezi mitatu ya goti na vidole. Ndugu yako aliye Ujerumani anaweza kusaidia hapo hasa, kwa kutuma vitambaa na kwa kuwaandikia DEBRA, mtandao wa mashirika ya maradhi haya ulioanzia Uingereza 1978, ambao hutoa miongozo ya matunzo bila malipo. Muulize pia daktari wa ngozi kama kipimo cha jeni kinawezekana. Bila hicho hakuna dawa ya jeni itakayotolewa, leo wala baadaye.

Kidonda hakifungi kwenye mwili wenye njaa. Mtoto huyu anapoteza protini na damu kupitia ngozi kila siku. Samaki aliyechemshwa na kutolewa miiba yote, mayai, mtindi, kunde zilizopondwa, uji uliotiwa maziwa. Vitu vikavu na vya ncha kama bisi na viazi vya kukaanga vikavu vikwaruzavyo koo, asile. Apimwe wingi wa damu kila baada ya miezi michache, kwani upungufu wa damu unachelewesha kidonda kupona.

Mpeleke hospitali siku hiyohiyo akiwa na homa pamoja na kidonda kilichobadilika, wekundu unaopanda mguu, akishindwa kumeza hata mate, akipata jicho jekundu asiloweza kulifungua, au akilegea. Hospitali ya King Fahd hapo kisiwani wanaweza kuanza dawa na maji. Kwa mtaalamu wa ngozi watampa rufaa kwenda Mombasa. Andika kwenye karatasi aishike yeyote atakayempokea: plasta haibandikwi, ngozi haisuguliwi, mkanda wa presha huwekwa juu ya bandeji nene, abebwe kwa kuwekewa mkono chini ya makalio na shingo, asinyanyuliwe kwa makwapa. Na kwa miaka ijayo, akifika ujana, kidonda chochote kisichopungua kwa wiki nne, chenye kingo zilizoinuka au maumivu ya aina mpya, kikatwe kipande kikapimwe saratani.

Mkifikiria mtoto mwingine, kila mimba yenu ina nafasi moja kati ya nne ya kuzaa mwenye hali hii. Zungumzeni na daktari kabla, wewe na mumeo pamoja.

Usiku wa leo anza na goti pekee. Loweka, toa bila kuvuta, funga kwa vaselini nene, na kabla ya kufunga weka sarafu ya shilingi 20 kando ya kidonda upige picha. Rudia kila Ijumaa, sarafu ileile, mwanga uleule. Baada ya wiki sita, nenda nazo picha hizo kwa daktari wa ngozi.